Fuvu Lililorudishiwa Ukoo



Tarehe 2 Machi 1900, huko Old Moshi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli mbele ya watu wake. Hakunyongwa peke yake. Siku ile walinyongwa watu 19, wakiwemo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Meli alikuwa mwana wa Mangi Rindi, na mwaka 1892 alikuwa amelishinda jeshi la Wajerumani na kumuua kamanda wake, von Bülow. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na jeshi kubwa wakamshinda, na miaka saba baadaye wakamtia kitanzi. Familia yake imesimulia kizazi hadi kizazi kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Enzi zile palikuwa Berlin na mtaalamu aliyeitwa Felix von Luschan, ambaye kazi yake ilikuwa kukusanya mafuvu kutoka pembe zote za dunia, ayapime, kisha awapange binadamu kwa makabila na rangi. Maofisa wa makoloni walimpelekea. Mkusanyiko huo ukapita mikono mingi hadi mwaka 2011, ulipokabidhiwa kwa taasisi inayosimamia makumbusho ya taifa mjini Berlin. Watafiti wakachambua mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki, wakayahusisha 904 na Rwanda na 202 na nchi ambayo leo ni Tanzania.

Mwezi Septemba 2023 taasisi hiyo ikatoa tangazo. Mafuvu 8 yalikuwa yamelinganishwa na mate ya watu walio hai. Fuvu moja lililingana kabisa na mtu aliye hai wa Kilimanjaro, na mengine mawili yalikaribia kulingana. Hilo lililolingana kabisa lilikuwa limeandikwa neno moja: Akida. Anaaminika kuwa alikuwa mshauri mkubwa wa Mangi Meli.

Inawezekanaje mate ya mtu wa leo yatambue mfupa wa karne iliyopita?

Sisi wakazi wa mjini kipimo cha vinasaba tunakijua kwa kesi za matunzo ya watoto. Mzazi anapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, jibu linatoka, na wengine wanaondoka wameinamisha vichwa. Kipimo hicho kinatazama urithi wa mtoto, ambao nusu ni wa baba na nusu ni wa mama. Lakini urithi huo huchanganywa upya kama karata katika kila uzazi, hata ukifika kwa kitukuu umebaki vipande vipande. Kwa mfu wa mwaka 1900 inatafutwa kamba isiyokatika. Kamba hiyo wanaume wanayo, nayo inaitwa kromosomu Y. Baba humpa mwana, mwana humpa mjukuu, karibu bila kubadilika, kama kihamba kinavyoshuka mgombani kutoka kwa babu. Mara chache hutokea kosa dogo la kunakili, na ndiyo sababu ndugu wa kweli wa mbali wanaweza kukaribia kulingana bila kulingana kabisa.

Sasa linganisha na habari ya Mkwawa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa katika muda wa miezi sita. Lilirudi mwaka 1954! Gavana Twining alikuwa amekwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, akapekua mafuvu, akatafuta lenye vipimo vinavyofanana na vichwa vya jamaa za Mkwawa walio hai, na lenye tundu la risasi. Hilo likaletwa Kalenga, na Wahehe wakalipokea kwa heshima zote. Simdharau aliyelipokea. Lakini upana wa kichwa, watu wengi wanafanana. Tena kipimo hicho ndicho kilekile cha akina von Luschan.

Hata hivyo, msikilizaji, kamba ya kiume nayo ina mpaka wake, na hapa ndipo magazeti mengi yanaporuka. Kromosomu Y haimtaji mtu. Inataja nyumba. Baba, kaka, baba mdogo na binamu wa kuumeni wote wanayo ileile. Mwaka 1998 wataalamu walipima ukoo wa Thomas Jefferson, Rais wa tatu wa Marekani, ili kujua kama alizaa na mtumwa wake Sally Hemings. Mzao wa mtoto mmoja wa Sally alionekana ana kamba ya akina Jefferson. Ya Jefferson yupi? Thomas alikuwa na ndugu, Randolph, mwenye kamba hiyohiyo. Ilibidi wanahistoria warudi kwenye daftari za shamba, waone nani alikuwapo nyumbani miezi ile.

Kilimanjaro swali hili ni zito zaidi. Mchagga ukimuuliza jina anakupa ukoo, na kabla hujakaa atakwambia ni wa Machame, Uru, Marangu au Rombo. Lakini wazee wa koo mbalimbali husimulia mababu waliotoka Ukambani, Usambara, Upare na Umasaini. Kama masimulizi hayo ni ya kweli, kamba za kiume mlimani ni nyingi, na fuvu likilingana na mtu mmoja, jambo hilo lina uzito mkubwa. Bali kama babu mmoja amejaza kilima kizima kwa wanawe na wajukuu, ulingano uleule unasema tu kwamba marehemu alikuwa wa kilima hicho. Hakimu yeyote atakuuliza: wangapi wengine wanayo kamba hii? Huwezi kumjibu kama hujawapima watu wa kutosha wa mlimani kwenyewe. Takwimu za Berlin hazitoshi.

Na kinyume chake pia. Mjane akirithiwa na shemeji, kamba haikatiki. Lakini mtoto aliyelelewa, akapewa jina na kihamba, ni wa ukoo huo mbele ya wazee wote, kipimo kitamkana. Ndiyo maana nasema mtu asichukuliwe mate kabla hajaelezwa kwamba jibu linaweza kuingia hadi chumbani kwa bibi yake. Sheria yetu ya vinasaba ya mwaka 2009 ipo, na ifuatwe hata mgeni anapokuja na nia njema.

Kwa hiyo Akida hakupatikana kwa maabara peke yake. Lilianza lile neno lililoandikwa kwenye mfupa. Likafuata swali: Akida wa Meli alikuwa wa ukoo gani? Jibu lilikuwa Kilimanjaro, kwenye vinywa vya watu. Ndipo mate yakathibitisha.

Wachagga wa zamani walikuwa wakifukua fuvu la mzee baada ya muda na kuliweka mgombani penye masale, alinde nyumba yake. Mjukuu wa Mangi Meli, Isaria Anael Meli, alianza kukitafuta kichwa cha babu yake miaka ya 1960, naye alitoa mate. Katika tangazo la 2023 fuvu la Meli halikuwemo miongoni mwa yaliyotambuliwa.