Kitabu Kisichokaa Penye Chakula: Kumbukumbu za Ujiji

Nyumbani kwetu Ujiji palikuwa na kitabu kimoja kilichokatazwa kukaa penye chakula. Kilikuwa ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip, chapa ya 1966. Baba, ambaye babu yake alitoka pwani na misafara, alikinunua kwa kukipenda Kiswahili chake. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmanyema. Wazee wake walivushwa ziwa kwa mtumbwi, wala hawakuulizwa kama wataka kuja. Kila alipokisikia kikisomwa, aliondoka akaenda jikoni.

Na huko jikoni ndiko nilikojifunza nusu ya historia niijuayo. Palipikwa ugali wa muhogo, na sombe iliyotwangwa hata ikalainika, na migebuka iliyoungwa kwa mawese mpaka mchuzi ukawa mwekundu kama udongo wa njia zetu. Usiku wa giza wavuvi waliwasha karabai, nasi tulipotazama kutoka ufukoni tuliona ziwa limekuwa mji wa taa. Asubuhi dagaa walianikwa mchangani, tukawekwa sisi watoto kufukuza kunguru. Wengi tuliwala wenyewe kabla hawajakauka. Adhabu yake siisemi hapa.

Richard Burton, aliyefika Ujiji pamoja na Speke Februari 1858, aliandika habari za samaki na mawese ya mji huu, na watu wake akawadharau. Chakula alikiona vizuri kuliko alivyowaona wapishi.

Kitabu cha Tippu Tip si cha namna hiyo, maana ni cha mtu wa kwetu kwa lugha ya kwetu. Kilichapwa kwanza Berlin katika 1902 na 1903 kwa kazi ya Heinrich Brode, na wataalamu hukisifu, nao wana haki. Mwenyewe asimulia bila kificho jinsi alivyomwambia Sultani Kasongo wa Utetera kwamba bibi yake alitoka katika ukoo ule, akapata nchi kwa hila hiyo. Baba alicheka kila alipofika hapo. Nami nilicheka, hata siku moja bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, na hao watu wa nchi, kitabu chasema walikula nini siku ile?" Nilitafuta. Nilikuta pembe na frasila zake. Chakula chao sikukiona.

Hata Livingstone, msema kweli wa vitabu vya shule, hakutufikia mzima. Aliona mauaji ya sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai 1871, akarudi Ujiji Oktoba. Shajara ya siku zile aliiandika juu ya magazeti kwa wino wa mimea. Horace Waller alipotoa kitabu 1874 hakuichapa kama ilivyokuwa. Maneno yaliyofifia yalisomeka 2011 kwa picha za kitaalamu, na mengine yatia shaka juu ya mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe.

Mimi sioni kuwa kitabu cha baba kilistahili kutolewa nyumbani. Lakini bibi naye hakukosea kukiondoa mkekani, kwani pale penye sinia walikaa wajukuu wa waliofunga na wajukuu wa waliofungwa, nao walikuwa ni watoto walewale.

Uzeeni, macho yakiwa yamepungua, aliniita barazani akaniambia nikilete. Nilisoma, naye alichambua dagaa kwa kupapasa, akitoa mawe. Nilipotaja Nyangwe alinyosha mkono.

"Hapo. Soma tena."

Nikasoma tena, naye akaendelea kuchambua.