Gauni la Njuga na Umri wa Mila

Mila ikitajwa, swali la kwanza huwa ni umri wake. Ngoma inayosemekana kuchezwa tangu enzi na enzi huitwa urithi. Ile ambayo mwanzo wake unajulikana hushukiwa kuwa pambo la kuwavutia watalii. Kipimo hicho huonekana cha haki mpaka kiwekwe mbele ya gauni la njuga la Waojibwe, watu wa asili wa nchi inayozunguka Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, Marekani na Kanada. Mwanamke wa Kiojibwe anayeingia uwanjani leo amevaa gauni hilo, safu za vikoni vya bati zikilia kwa kila hatua, anacheza ngoma iliyozaliwa katika siku za mwisho za Vita Kuu ya Kwanza au muda mfupi baadaye. Kwa kipimo cha umri, hicho ni kitoto cha mila. Nashikilia kwamba uchanga huo haumtengi na wazee wake hata kidogo, na kwamba wanaompima kwa miaka wanarudia, pengine bila kujua, hesabu ya watu waliotaka ngoma yake ife.

Masimulizi ya mwanzo wake yapo katika jamii mbili, Mille Lacs katika jimbo la Minnesota na Whitefish Bay katika jimbo la Ontario, nayo hayalingani kwa kila jambo. Yanakutana kwenye kiini: msichana aliugua sana, baba yake akaota gauni na hatua za kuchezea, gauni likashonwa, na mtoto, aliyeanza kwa kujikongoja, akaishia kucheza mwenyewe. Mtu wa shaka atasema kwamba hadithi mbili zinazotofautiana si ushahidi. Lakini Brenda Child, mwanahistoria ambaye yeye mwenyewe ni Mwojibwe wa Red Lake, alizitazama picha za zamani za watu wake akaona kwamba gauni hilo halionekani kabla ya mwaka 1920 au karibu na hapo. Baada ya hapo linaanza kujitokeza. Akaunganisha jambo hilo na mafua makuu ya 1918 na 1919, yaliyoua mamilioni duniani na kuwapiga wenyeji wa asili wa Marekani kwa ukali kuliko majirani zao. Ndoto haiwezi kuthibitishwa kwa picha, ila majira yake yanaweza, na majira yanakubaliana na wasimulizi: ngoma hii ni mtoto wa tauni.

Ilizaliwa pia chini ya marufuku. Kanuni za mwaka 1883 zilikuwa zimeziweka ngoma kadhaa za wenyeji wa Marekani katika orodha ya makosa, na huko Kanada sheria ya 1914 ilimzuia mwenyeji wa majimbo ya magharibi kucheza nje ya eneo alilotengewa, au kucheza na mavazi ya asili kwenye maonyesho, bila kibali cha afisa. Mwaka 1921 Charles Burke, kamishna wa mambo ya wenyeji mjini Washington, alitoa waraka namba 1665 wa kubana ngoma. Miaka miwili baadaye akaongeza mapendekezo yaliyotoka kwa wamisionari, na hapo ndipo penye kutazamwa vizuri: ngoma iwe mara moja kwa mwezi, mchana, katikati ya wiki, miezi ya kilimo isiwepo kabisa, na asiyetimiza miaka 50 asishiriki. Wazee waliachiwa wacheze, kwa kuwa wangekufa. Aliyezuiwa ni kijana, maana ndiye angeiendeleza. Ofisi ile ilikubali kwamba mila ni mali ya wakongwe, na ikategemea jambo hilo kuizika. Wakati huohuo, vijijini, wanawake wa Kiojibwe walikuwa wanaeneza ngoma ambayo kwa masimulizi yao wenyewe ilianza kwa mtoto wa kike. Waraka ule ulibatilishwa na sera mpya ya 1934. Makatazo ya Kanada yaliondolewa 1951.

Kuna pingamizi la malighafi, nalo hupendwa sana na wapenda asili safi: vikoni vya kwanza vilikunjwa kutokana na vifuniko vya mikebe ya ugoro wa dukani. Urithi gani huo unaotoka kiwandani? Jibu ni kwamba Waojibwe na jirani zao walikuwa wakikata vyungu vya shaba vya wafanyabiashara wa manyoya na kutengeneza vikoni vya kuning'iniza kwenye mavazi muda mrefu kabla ya mkebe wa ugoro kufika. Hata ngoma yao kubwa ya kupigwa, kwa mapokeo yao, walipewa na Wadakota, maadui wao wa zamani, kutokana na maono ya mwanamke wa Kidakota aliyejificha ziwani akiwakimbia askari wa Marekani. Watu hawa hawakuwahi kuuliza kitu kimetoka wapi kabla ya kuuliza kinafanya kazi gani. Kazi ya sauti ya njuga ilijulikana: kuponya. Msomaji anayejua ngoma ya pepo hahitaji kuelezwa zaidi.

Pingamizi zito zaidi ni la leo. Tangu miaka ya 1980 gauni hili limeenea kwa mataifa mengine ya wenyeji, likaingia katika mashindano yenye zawadi za fedha, likapata mitindo mipya ya mbio na madoido. Sitasema fedha haijabadilisha kitu. Imebadilisha kasi, mapambo na hata sababu za baadhi ya wachezaji kuwa pale. Hata hivyo, katika mikusanyiko hiyohiyo bado huja wakati ambapo mashindano husimamishwa na wenye magauni ya njuga huitwa kumchezea mgonjwa. Mtu bado humwendea mchezaji na tumbaku mkononi, kumwomba amkumbuke ndugu yake aliyelazwa. Anayepokea tumbaku hiyo amepokea wajibu, awe na kikombe cha ushindi au asiwe nacho. Na anayecheka kwamba hatua za miguu haziwezi kuua virusi akumbuke kwamba mwaka 1918 hospitali nazo hazikuwa na chanjo wala dawa ya mafua yale. Kilichokuwepo ni uuguzi na watu wa kukaa na mgonjwa.

Mwaka 2020, virusi vya korona vilipofunga viwanja, wanawake walivaa magauni hayo nyuani mwao, wakajirekodi wakicheza na kurusha picha kwenye intaneti kwa ajili ya wagonjwa. Hawakungoja ruhusa ya mtu wala zawadi ya mashindano. Mjini Minneapolis, baada ya George Floyd kuuawa na polisi, wachezaji wa gauni la njuga walikwenda mahali alipofia, wakawachezea waombolezaji ambao wengi wao hawakuwa Waojibwe. Walifanya kazi ileile iliyoisababisha ngoma hii kuwepo, na kwa hukumu yangu hicho ndicho cheti chake cha asili.