Kikokotoo

Mwalimu wa hesabu akitaja kikokotoo, wanafunzi huchomoa mashine mkobani. Mstaafu wa Tanzania akilisikia neno hilohilo hukumbuka mzozo wa mafao wa mwaka 2018, maana kwake kikokotoo ni kanuni ya kupigia hesabu ya mafao. Wapo wanaodai mstaafu kapotoka. Mimi naona kapatia, kwani hata ile mashine imejaa kanuni. Mashine ya HP-65 ya mwaka 1974 ilikuja na sini na logi tumboni, na mwenyewe aliweza kuiongezea kanuni zake, akazihifadhi kwenye kadi ya sumaku. Sini yenyewe ni kanuni iliyojificha nyuma ya kitufe, tena ina masharti: sini ya 30 kwa digrii ni 0.5, kwa radiani ni -0.988. Mtahiniwa asiyeitazama ile herufi D au R kwenye kioo ataisingizia mashine.