Maziwa ya Momela: Hollywood Walileta Chupa, Bibi Alikuwa na Ziwa Lake

Ukitaja Momela, wengi wanawaza picha za Insta: flamingo, twiga na Mlima Meru kwa nyuma. Wachache wanajua kwamba mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961 Hollywood nzima ilihamia pale. Ilikuwa inapigwa filamu ya Hatari!, John Wayne akiwa staa mkuu, na Mjerumani Hardy Krüger alipapenda mpaka akanunua shamba.

Filamu ilitoka 1962. Kitu kilichobaki vichwani mwa watu hadi leo ni dada wa Kiitaliano, Elsa Martinelli, akilea tembo wadogo yatima. Wanatafutwa mbuzi, wanakamuliwa, tembo wananyonya chupa na kumfuata dada kila anakokwenda. Wimbo wa kipande hicho, Baby Elephant Walk wa Henry Mancini, ukabeba Grammy.

Kwenye sinema ilionekana rahisi. Maisha halisi yalikuwa mengine kabisa.

Upande wa pili wa mpaka, kule Tsavo nchini Kenya, Daphne Sheldrick alikuwa anahangaika na tembo yatima wa kweli. Akiwapa maziwa ya ng'ombe, wanaharisha na kufa. Alihangaika miaka na miaka, na ni katika miaka ya 1970 ndipo akapata mchanganyiko uliowafaa, wenye mafuta ya nazi badala ya mafuta ya ng'ombe. Somo likawa wazi: maziwa yanafanana rangi tu. Kila mnyama mwili wake umepanga ya mtoto wake.

Kumbe wakati huohuo, binadamu walikuwa wanafanyiwa majaribio yaleyale, tena kwa matangazo.

Chupa ilivyouzwa kama usasa

Kuanzia miaka ya 1950 na 1960, kampuni za maziwa ya kopo ziliingia kwa kasi Afrika na Asia. Mabango yalionyesha mtoto mnene anacheka. Baadhi ya wauzaji walikuwa wanawake waliovaa kama manesi, wakiwafuata wazazi hadi hospitali na kugawa kopo la bure. Mama akirudi nyumbani, mtoto anazoea chupa, ziwa linapunguza maziwa kwa sababu halinyonywi, na kopo la pili si bure tena. Hapo ndipo mama anaanza kuongeza maji mengi ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Mtoto anadhoofika, na chupa chafu inamalizia kwa kuhara.

Madaktari waliona mapema. Cicely Williams alilisema hadharani Singapore mwaka 1939, akiita jambo hilo mauaji. Derrick Jelliffe, aliyefundisha Makerere, Kampala, akalipa jina: utapiamlo unaoletwa na biashara. Mwaka 1974 likatoka chapisho la The Baby Killer huko Uingereza, na 1977 Wamarekani wakaanza kususia bidhaa za Nestlé.

Moto huo ulifika Geneva. Mei 1981, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipigia kura kanuni za kudhibiti matangazo ya maziwa ya kopo. Nchi 118 zilisema ndiyo. Iliyosema hapana ilikuwa moja tu: Marekani. Tanzania ikaja kutunga kanuni zake 1994 na kuziboresha 2013. Ndiyo maana huoni bango la maziwa ya mtoto mchanga barabarani.

Kwa nini Momela ni kesi ya pekee

Hapa ndipo historia inagusa meno. Watu wa Arusha na Meru wanajua ule utani wa meno ya kahawia. Chanzo chake ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano na kuingia kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ziwa Kubwa la Momela liliwahi kupimwa likakutwa na miligramu 690. Hakuna anayekunywa maji ya ziwa hilo, lakini hata mito na chemchemi kadhaa za Ngarenanyuki zinazidi kiwango kwa mbali. Serikali ina kituo cha utafiti Ngurdoto kwa kazi hiyohiyo ya kupunguza floraidi, wakitumia chujio la mkaa wa mifupa.

Sasa fikiria mama anakoroga maziwa ya kopo kwa maji hayo. Kuchemsha kunaua vijidudu, ila floraidi haiendi popote. Maji yakipungua kwenye sufuria, yenyewe inazidi kukolea.

Mwili wa mama unafanya kitu ambacho sufuria haiwezi. Hata akiwa anakunywa maji yenye floraidi nyingi, inayopita kwenye maziwa yake ni kidogo sana. Kiswahili chenyewe kinatania hapa: ziwa la Momela limejaa floraidi, ziwa la mama linaichuja.

Bibi alipatia, na alipokosea

Bibi wa Kimeru alijua mzazi anapaswa kupumzika, kupikiwa mtori na kuondolewa kazi nzito. Hapo alipatia asilimia mia. Mtori unampa mama nguvu, ila kinachojaza maziwa hasa ni mtoto kunyonya mara kwa mara, mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo.

Sehemu nyingi nchini wazee walikosea kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya mwanzo. Yalimwagwa yakiitwa machafu, kumbe ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Anyonyeshwe ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa. Miezi 6 ya kwanza ni ziwa tu: hakuna maji, hakuna uji, isipokuwa dawa ya daktari. Baada ya hapo chakula kinaanza na kunyonya kunaendelea hadi miaka 2 au zaidi.

Chuchu ikiuma, mara nyingi mtoto hajashika vizuri. Mdomo uwe wazi kabisa, kidevu kiguse ziwa, na aingize sehemu kubwa ya weusi, siyo chuchu peke yake. Akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku na uzito unapanda kliniki, anashiba. Mama mwenye VVU anayetumia dawa vizuri naye ananyonyesha. Mwongozo wa dunia ulibadilika hivyo 2010. Na yule ambaye kweli hawezi, asichekwe. Aende kliniki aelekezwe, na kabla ya kukoroga chochote aulize kwanza habari ya maji.

Kuna kipande kimoja ambacho bibi hakuwa nacho: sheria. Sheria ya ajira Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, 100 kwa mapacha, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Inamhusu dada wa benki mjini na dada wa shamba la maua Usa River vilevile. Saa hizo 2 si fadhila ya bosi. Ni haki ya mtoto, na zinaombwa bila aibu.