Majuzuu manane ya Historia ya Afrika, na kwa nini usianzie la kwanza

Kama umewahi kupita kwenye maktaba ya chuo chenye idara ya historia, haya majuzuu unayajua kwa migongo yake. General History of Africa ya UNESCO, Historia Kuu ya Afrika kwa lugha yetu: majuzuu manane, kurasa karibu 7,000. Mhadhiri ameyataja, wewe umeyanukuu kwenye insha kupitia mtu mwingine aliyeyanukuu, na moyoni umejiwekea ahadi kwamba likizo ijayo unaanza. Sasa piga hesabu. Kurasa kumi kila siku, bila kuruka Idi wala Krismasi, unamaliza baada ya karibu miaka miwili. Si ajabu likizo zinapita na ahadi inabaki palepale.

Mimi nadhani tatizo si uvivu wako. Tatizo ni kwamba unataka kuanzia Juzuu la I, ukurasa wa kwanza, kama vile ni hadithi yenye mwanzo na mwisho. Wale walioyaandika hawakuyaandika hivyo, na hata wasomaji wao wa kwanza hawakuyapata hivyo. Kwa matoleo ya Kiingereza, la I na la II yalitoka 1981. Likafuata la IV mwaka 1984, kisha la VII mwaka 1985. La III likaja 1988, la VI 1989, la V likasubiriwa hadi 1992, na la VIII likafunga kazi 1993. Yaani mtu wa mwaka 1986 aliyekuwa akiyakusanya kwa bidii alikuwa na meno manne tu kinywani, mengine mapengo. Alisoma alichokipata.

Kilichowasukuma kuanza ni muhimu kukijua, maana bila hicho utaona kurasa za kuchosha mahali ambapo kuna ugomvi. Mwaka 1963 profesa wa historia wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alitoa mihadhara iliyorushwa hewani Uingereza, na humo akasema kwa maneno yake kwamba Afrika haina historia ya kufundishwa zaidi ya ile ya Wazungu waliofika huko. Hakuwa wa kwanza. Hegel alikuwa ameshalitoa bara zima nje ya historia ya dunia zaidi ya miaka mia moja nyuma. Ila 1963 ni mwaka huohuo nchi huru za Afrika zilipoungana Addis Ababa kuunda OAU, na nchi hizo zilikuwa na shule za kujaza vitabu. Mwaka uliofuata, Mkutano Mkuu wa UNESCO ukaidhinisha mradi: historia ya bara zima, itakayosimamiwa kwa sehemu kubwa na Waafrika wenyewe.

Miaka ya mwanzo ilikwenda kwenye kukusanya nyaraka na kupanga. Mwaka 1971 ikaundwa Kamati ya Kisayansi ya Kimataifa yenye wajumbe 39, theluthi mbili wakiwa Waafrika. Kila juzuu likapewa mhariri wake: Joseph Ki-Zerbo wa Burkina Faso, Gamal Mokhtar wa Misri, Mohammed El Fasi wa Morocco, Djibril Tamsir Niane wa Guinea, Bethwell Ogot wa Kenya, Ade Ajayi wa Nigeria, Adu Boahen wa Ghana, na wa mwisho Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa. Ogot aliongoza kamati nzima kuanzia 1978 hadi 1983.

Kizazi hiki kilikuwa na shida moja ya kisayansi ambayo inafaa tukae nayo kidogo. Historia ya chuo kikuu ilikuwa inataka hati. Jamii nyingi za bara hazikuacha hati, ziliacha masimulizi. Sasa utajuaje simulizi ni la lini? Ogot mwenyewe alikuwa amepambana na swali hilo alipokusanya masimulizi ya Wajaluo kwa ajili ya shahada yake ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha London, kazi iliyokuja kuwa kitabu mwaka 1967. Njia moja ni kuhesabu vizazi kwenye nasaba na kukadiria urefu wa kizazi. Nyingine ni kutafuta tukio la angani. Huko Uganda, masimulizi ya Bunyoro na Nkore yanasema mfalme Olimi wa Bunyoro alikuwa akirudi na ng'ombe wa kuteka, jua likapotea mchana kweupe mahali panapoitwa Biharwe, naye akaingiwa na hofu akaacha mateka. Hesabu za wanaanga zinaonyesha jua lilipatwa kwenye eneo hilo tarehe 17 Aprili 1520, na wengi wamelifunga simulizi hilo kwenye tarehe hiyo. Ukishapata msumari mmoja wa namna hiyo ukutani, unaweza kutundika wafalme kadhaa wa kabla na wa baada.

Ndiyo maana Juzuu la I halina wafalme wala vita. Ni la mbinu. Jan Vansina anaeleza jinsi ya kupima masimulizi, Amadou Hampaté Bâ anayatetea kama mtu aliyelelewa ndani yake, wengine wanaeleza akiolojia na uainishaji wa lugha. Ni juzuu zuri sana ukiwa umeshajua unatafuta nini. Ukilianza bila swali, litakulaza kufikia sura ya tatu. Nasema kama mtu anayelipenda.

Ukitaka kuona kamati ikitoka jasho, fungua la II. Kabla ya kuliandika waliitisha mkutano Cairo, mwishoni mwa Januari 1974, wataalamu wapatao ishirini, kujadili Wamisri wa kale walikuwa watu gani na jinsi ya kusoma maandishi ya Meroe. Cheikh Anta Diop wa Senegal na Théophile Obenga wa Congo-Brazzaville walisimama upande mmoja: Misri ya mafarao ilikuwa ya watu weusi, na lugha yake ni ndugu wa lugha nyingine za Afrika. Diop alileta hadi hoja ya kupima melanini kwenye ngozi za maiti zilizokaushwa. Wengi wa wengine, wakiwemo mabingwa wa Misri kutoka Ulaya, hawakukubali, hasa kwenye suala la nani aliishi huko kwa wingi. Kwenye lugha walimsikiliza Obenga kwa makini zaidi.

Halafu tazama walichofanya. Hawakuificha ile kutokubaliana. Sura ya kwanza ya Juzuu la II ni ya Diop, imewekewa angalizo kwamba hoja zake hazikukubaliwa na wataalamu wote, na muhtasari wa mkutano wa Cairo umechapishwa ndani ya juzuu hilohilo. Ripoti inasema hata kwamba mjadala haukuwa na uwiano kwa kuwa si washiriki wote waliojiandaa kama Diop na Obenga. Wako wanaosema huo ni udhaifu wa kazi ya kamati, kila mtu apewe kipande chake asinune. Kwangu mimi ndiyo sehemu yenye afya kuliko zote. Kitabu cha darasa hakikuonyeshi ugomvi, kinakupa jibu la kukariri. Hapa unapewa ugomvi pamoja na vielelezo vyake.

Kitu kingine kinachopita kimyakimya ni mwaka unaotenganisha la VII na la VIII. La VII linaishia 1935. Kwa nini 1935? Vitabu tulivyosoma sekondari vilikata 1914, 1939, 1945, na zote ni tarehe za Ulaya. Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yaliivamia Ethiopia. Kwa Mazrui, kwa Afrika vita vya pili vilianzia hapo, si Poland miaka minne baadaye. Unaweza kubishana naye, ila ukishauona huo mstari huwezi tena kuuchukulia ule wa 1939 kama wa asili.

Na humo kwenye la VII, yenye kichwa kuhusu Afrika chini ya ukoloni, kuna sura ya uchumi wa kikoloni iliyoandikwa na Walter Rodney. Huyu ndiye aliyefundisha Dar es Salaam na kutoa kitabu chake maarufu kuhusu Ulaya na ufukara wa Afrika mwaka 1972. Aliuawa kwa bomu ndani ya gari huko Georgetown, Guyana, tarehe 13 Juni 1980, akiwa na miaka 38. Juzuu likatoka 1985. Wengi wetu tunamjua Rodney wa kile kitabu cha 1972, mkali, anayehutubia. Sura hii inamwonyesha akiwa fundi: kazi ya kulazimishwa, kodi, bei za mazao, reli zinazoelekea bandarini, moja baada ya nyingine. Ukiwa na jioni moja tu ya kuupa mradi huu wote, nakushauri uitumie hapo.

Lakini je, si yamezeeka? Yamezeeka, ndiyo, na tuseme wazi wapi. Chukua pwani yetu. Waandishi wa la III na la IV walikuwa wanapambana na fikra za kikoloni kwamba miji ya Waswahili ni kazi ya wageni kutoka Arabuni na Uajemi, Waafrika wakiwa watazamaji. Walisukuma upande wa pili kwa nguvu. Wakati huohuo Mark Horton alikuwa anachimba Shanga, kisiwani Pate, kuanzia 1980, akakuta chini ya msikiti wa mawe kuna misikiti midogo ya miti, mji ukirudi nyuma hadi karne ya nane. Hiyo iliwaunga mkono: mji ulikua taratibu kutoka kwenye udongo wake wenyewe. Kisha mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 wa kale kutoka sehemu kama Mtwapa, Manda na Songo Mnara, mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba akiwa mmoja wa walioongoza. Ikaonekana kwamba wengi wao walikuwa na asili ya Afrika zaidi ya nusu, hasa kupitia akina mama, na asili ya Asia iliyotoka kwa kiasi kikubwa kwa wanaume wa Uajemi, mchanganyiko ukianza karibu na mwaka 1000. Kumbe ile hadithi ya Washirazi kwenye tarihi ya Kilwa, ambayo wanazuoni wengi wa kizazi kile waliiona kama nasaba ya kujipa heshima tu, ilikuwa na punje ya kweli. Lugha, hata hivyo, ilibaki ya Kibantu, na miji ilikuwepo kabla ya ndoa hizo.

Kwa hiyo usiyasome haya majuzuu kama kamusi ya ukweli wa mwisho. Yasome ukijua walikuwa wanamjibu nani. Mshindani wao wa wakati ule, Cambridge History of Africa, nayo majuzuu manane, ilianza kutoka 1975 na kumaliza 1986 chini ya Fage na Oliver. Imepangika vizuri zaidi, nakiri. Lakini sikumbuki kuifunga nikiwa na hamu ya kubishana na mtu.

Liko jambo moja linaniuma. Kwenye dibaji yake Amadou-Mahtar M'Bow, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa UNESCO, anaeleza kwamba kamati imechagua lugha mbili za kwanza za Kiafrika za kutafsiria kazi hii: Kiswahili na Kihausa. Sisi tulikuwa mstari wa mbele kabisa. Sasa jiulize, katika miaka yako yote ya shule, ni lini mwalimu aliwahi kuingia darasani na juzuu hilo kwa Kiswahili? Kwenye semina bado tunasoma Kiingereza, tunajadiliana Kiswahili, tunarudi kuandika Kiingereza, na kila mmoja ana tafsiri yake ya mfukoni ya maneno yaleyale.

UNESCO imeyaweka yote mtandaoni, bure, kwenye maktaba yake ya kidijitali. Anza na sura ya Abdul Sheriff kwenye la II, kuhusu pwani ya Afrika Mashariki katika biashara ya baharini ya kale. Ni fupi, na pepo za kaskazi na kusi unazijua tayari. Kisha Rodney kwenye la VII. Kisha Diop, na usisahau kusoma ripoti ya Cairo palepale. Mafaili ni makubwa, kwa hiyo pakua ukiwa kwenye waifai ya chuo, asubuhi mapema kabla watu hawajaamka.