Risasi zilipoadimika: Vita vilivyopita mpakani mwa Songwe

Saza, katika Wilaya ya Songwe, baruti ni kitu cha kazi. Hii ni nchi ya Lupa, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1922, na mgodi wa New Saza, uliofanya kazi kuanzia 1939 hadi 1956, ulikuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu ya Tanganyika. Mchimbaji hutoboa mwamba, hushindilia baruti, hukimbia mbali, kisha hurudi kuokota mawe.

Lakini miaka 4 tu kabla ya dhahabu ya Lupa kujulikana, baruti ya namna nyingine ilikuwa imepita katika ardhi ambayo leo ni Mkoa wa Songwe. Ilibebwa vichwani mwa watu ndani ya masanduku ya risasi, nyuma ya jeshi ambalo lilikuwa limeutafuta mzigo huo kwa miaka 4 kama mwenye njaa anavyotafuta unga. Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambayo wazee waliita Vita vya Mjerumani. Vilipigwa kwa ushujaa na kwa ukatili, lakini njia vilizopita zilichorwa kwa sehemu kubwa na uhaba wa risasi.

Nimeikumbuka historia hii kwa sababu ya yaliyotokea Marekani mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipoingia, kisha miji ikakumbwa na ghasia na uchaguzi ukakaribia, watu walimiminika kwenye maduka ya silaha. Maombi ya kukaguliwa kwa wanunuzi yaliyopokelewa na Shirika la Upelelezi la nchi hiyo yalikaribia milioni 40 kwa mwaka mmoja, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa. Risasi ziliisha madukani. Mwaka huohuo Remington, moja ya kampuni kongwe za silaha na risasi, iliomba kinga ya kufilisika, na uzalishaji ukazidi kuyumba. Aliyezoea kununua kasha moja alinunua kumi kwa kuogopa kwamba kesho hatapata, na kwa kununua kumi akamfanya jirani yake asipate hata moja.

Kwetu hofu hiyo haikupitia madukani. Ilipitia porini, majumbani na mashambani mwa watu.

Gobore na mkataba wa Brussels

Bunduki bila risasi ni rungu. Watawala wa kikoloni walilijua hilo mapema. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa ya Ulaya na wenzao yalitia saini Mkataba wa Brussels, ambao pamoja na kupiga vita biashara ya utumwa ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa na risasi zake katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwafrika aliachiwa gobore, bunduki ya kushindilia baruti na gololi mdomoni, ambayo humchukua mpigaji muda mrefu kuijaza tena. Aliyeshika mlango wa risasi alishika nchi.

Wahehe waliyaona hayo. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi la chifu wao Mkwawa liliangamiza kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski na kuteka mamia ya bunduki. Ulikuwa ushindi mkubwa, lakini bunduki zile zilikuwa za kigeni, na Kalenga, makao ya Mkwawa, hapakuwa na kiwanda cha kuzijazia risasi zilizokwisha. Miaka 3 baadaye, mwezi Oktoba 1894, ngome ya Kalenga ilianguka. Na mwaka 1905, vita vya Majimaji vilipoanza, ahadi iliyowakusanya watu ilikuwa hiyohiyo ya risasi: dawa ya Kinjikitile Ngwale ingezigeuza maji.

Kusini mwa mto Songwe, huko Karonga, hesabu ilikuwa ileile. Vita vya miaka ya 1887 hadi 1889 kati ya mfanyabiashara Mlozi na kampuni ya Waingereza ya African Lakes vilikwenda kwa mwendo wa kusubiri, kwani silaha za kampuni zilipaswa kusafiri kutoka pwani kwa mito na ziwa Nyasa. Mlozi alinyongwa mwaka 1895, Waingereza walipopata uwezo wa kutosha wa kumshambulia.

Risasi 200,000 za Jasini

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, jeshi la Wajerumani hapa lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 katika kombania 14. Moja kati ya hizo, kombania ya 5, ilikuwa na makao yake Masoko, karibu na Tukuyu. Kombania nyingi zilikuwa na bunduki ya mwaka 1871, iliyotumia baruti nyeusi. Kila ilipofyatuliwa ilitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali pa kulenga.

Nyanda za juu hazikusubiri. Mwezi Septemba 1914, kikosi cha Wajerumani kilivuka mto Songwe kwenda kuishambulia Karonga, kikashindwa na kurudi na hasara kubwa. Baharini, meli za Uingereza zilifunga pwani yote. Kila risasi iliyofyatuliwa ilikuwa imekwenda bila kurudishiwa nyingine.

Tanga iliwapa Wajerumani nafuu. Mapema Novemba 1914 waliwatimua Waingereza waliotoka India, na kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, aliandika baadaye kwamba waliteka risasi 600,000 pamoja na bunduki za kisasa za kutosha kombania 3. Hazina hiyo haikudumu. Tarehe 18 na 19 Januari 1915 walipigana Jasini, karibu na mpaka wa Kenya. Walishinda, lakini risasi 200,000 zilikuwa zimekwenda. Lettow-Vorbeck alipiga hesabu, akaona kwamba kwa akiba iliyobaki angeweza kupigana vita vya namna hiyo mara 3 tu, si zaidi.

Hapo ndipo mkondo wa vita ulipogeuka. Kuanzia Jasini, kamanda huyo aliachana na mapambano makubwa kila alipoweza, akaanza kupiga na kukimbia, kuvunja reli ya Uganda, kuvizia na kuteka. Wengi wamemsifu kwa mbinu hiyo, na vitabu vingi vimeandikwa juu ya akili yake ya kijeshi. Ni haki kukumbuka kwamba mbinu hiyo ilizaliwa na sanduku lililokuwa likielekea kuwa tupu.

Meli mbili na chombo cha angani

Ujerumani ilijaribu kumletea. Aprili 1915 meli Rubens, iliyokuja kwa jina la kujificha la Kronborg, ilifukuzwa na meli ya kivita ya Uingereza Hyacinth mpaka ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Ilipigwa na kuwaka moto, lakini sehemu kubwa ya shehena ilikuwa salama chini ya maji ya kina kifupi. Wapiga mbizi waliitoa. Risasi zilizolowa maji ya chumvi zilifunguliwa moja moja, baruti ikatolewa kwenye maganda na kuanikwa, fataki zikakaguliwa, kisha zikafungwa upya. Ilikuwa kazi ya miezi. Machi 1916 meli ya pili, Marie, ilifika Sudi, mkoani Lindi, na mzigo wake ukapakuliwa na kuchukuliwa na wapagazi kwa miguu.

Jaribio la mwisho lilipitia angani. Novemba 1917 chombo kikubwa cha kuelea kwa gesi, L59, kiliondoka Bulgaria kikiwa na tani zipatazo 15 za dawa na vifaa, zikiwemo risasi zaidi ya 300,000. Kilifika juu ya Sudan, kikaitwa kirudi, kikarudi. Kilikuwa kimekaa hewani saa 95 bila kutua.

Wakati huo hali ilikuwa mbaya kuliko wakati wowote. Mapigano ya Mahiwa, mkoani Lindi, Oktoba 1917, yalikuwa yamemaliza karibu risasi zote zisizotoa moshi. Lettow-Vorbeck aliwaacha nyuma wagonjwa na mamia ya askari ambao hakuwa na risasi za kuwapa, akakimbilia kusini. Tarehe 25 Novemba 1917 alivuka mto Ruvuma na siku hiyohiyo akaishambulia kambi ya Wareno ya Ngomano. Alipata bunduki, bunduki za rashasha na risasi robo milioni. Kuanzia hapo jeshi lake liliishi kwa silaha za adui. Katika Msumbiji, kituo cha Namacurra kiliposhambuliwa Julai 1918, kilimpa tena bunduki, risasi na chakula.

Elfu moja ni mzigo wa mtu mmoja

Hapa ndipo wasimulizi wengi hupita haraka, na ndipo panapostahili kukaa.

Risasi moja ya bunduki ya Kiingereza ya wakati ule ilikuwa na uzito wa gramu kama 25. Elfu moja ni kilo 25, yaani mzigo wa mpagazi mmoja kabla hajabeba chakula chake. Robo milioni za Ngomano zilihitaji vichwa 250. Vichwa hivyo vilikuwa vya watu wenye mashamba, wake na watoto, waliochukuliwa vijijini, wengi wao kwa nguvu, wakatembea miezi na miaka. Upande wa Waingereza walikuwapo mamia ya maelfu. Mtaa wa Kariakoo jijini Dar es Salaam ulipata jina lake kutokana na kambi yao. Takwimu za Waingereza wenyewe zinataja wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi.

Uhaba wa risasi haukuvifupisha vita hivi. Jeshi lisilo na akiba lilihitaji kutembea ili liteke, na lilipotembea lilikula. Mahindi na ng'ombe wa kijiji vilikwenda na jeshi la kwanza, kisha jeshi la pili likaja likifuata nyayo na kuomba vilevile. Kila mwezi ambao Lettow-Vorbeck alijisifu kwamba bado hajashindwa, mahali fulani kijiji kilikuwa kimebaki na maghala matupu.

Mwezi Oktoba 1918 zamu ya Songwe ilifika. Majeshi ya Lettow-Vorbeck, yaliyokuwa yamevuka Ruvuma kurudi kaskazini, yalipita Ubena, yakaja mpaka misheni ya Mbozi, ambako walikuta akiba ya Waingereza yenye mizigo ya chumvi na kahawa, wakaichukua. Nyuma yao ilikuja homa kali ya mafua iliyokuwa ikiua watu duniani kote mwaka ule. Mapema Novemba waliishambulia ngome ya Waingereza ya Fife, upande wa pili wa mpaka, si mbali na palipo leo Tunduma na Nakonde. Mzinga mdogo waliokuwa wameuteka ulipasuka wakati wa kuutumia. Fife haikuanguka. Wakaipita, wakaelekea Kasama.

Mbala, 25 Novemba 1918

Tarehe 13 Novemba, karibu na mto Chambeshi, Lettow-Vorbeck alipata habari kwamba Ulaya imekwisha kuacha vita siku 2 zilizopita. Tarehe 25 Novemba, mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia, jeshi lake liliweka silaha chini: Wazungu 155, askari Waafrika 1,168 na wapagazi zaidi ya 1,500.

Hesabu ya vitu walivyokabidhi inasomeka kama historia nzima ya vita hivi. Mzinga mmoja, wa Mreno. Bunduki za rashasha 37, ambazo 7 tu ndizo zilikuwa za Kijerumani. Bunduki 1,071, zote za Mwingereza na Mreno. Na risasi 208,000. Wale waliouanza mwaka 1915 kwa hofu ya kubaki na mapambano 3 tu, waliumaliza mwaka 1918 wakiwa na risasi nyingi kuliko walizozitumia Jasini. Inasimuliwa kwamba sehemu ya silaha hizo ilitupwa katika ziwa Chila, hapohapo Mbala.

Kilichobaki mkononi mwetu

Leo Tanzania haina mila ya kupanga foleni kwenye duka la silaha. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye bunduki awe na leseni, na risasi nazo huhesabiwa. Mwaka 2016 serikali iliendesha uhakiki wa silaha nchi nzima, na Rais John Magufuli naye alihakikiwa silaha zake. Mara kadhaa katika miaka ya karibuni serikali imetangaza vipindi vya kusalimisha kwa hiari silaha zinazomilikiwa kinyume cha sheria, bila kushtakiwa. Wapo wanaoona masharti hayo ni usumbufu, hasa mkulima anayepambana na nguruwe pori au tembo shambani. Malalamiko yao yanastahili kusikilizwa, na leseni isiwe ya mwenye fedha na mjuano peke yake.

Hata hivyo sikubaliani na anayedhani kwamba usalama unaongezeka kadiri masanduku ya risasi yanavyoongezeka nyumbani. Mkoa wetu unapakana na nchi mbili, Zambia na Malawi, na una migodi yenye baruti. Tunduma ni lango la biashara la kusini mwa Afrika. Mahali kama hapa, risasi isiyo na hesabu haikai na aliyeinunua. Gobore la babu lililofichwa darini, risasi zilizobaki za marehemu, fataki zilizohifadhiwa tangu enzi za uwindaji, vyote hivyo vina njia halali ya kwenda: kituo cha polisi kilicho karibu.

Na kuna deni jingine. Shule za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe zinafundisha tarehe za Vita Kuu, lakini mpagazi aliyepita hapa na kilo 25 kichwani hatajwi. Walimu wawaulize wazee waliobaki kuhusu hadithi za babu zao, wanafunzi waziandike, na halmashauri zitenge hata jiwe moja lenye maandishi Mbozi au Tunduma. Risasi zilizokabidhiwa Mbala zilihesabiwa mpaka zikafika 208,000. Majina ya waliozibeba hayakuandikwa.