Sanduku la Usukani: Tangu Matrekta ya Moshi ya 1915 Hadi Magari Kuukuu ya Barabara ya Moba

Gari kuukuu linalopakia watu na mizigo kutoka Kalemie kwenda kusini, upande wa Mpala na Moba, lina kiungo ambacho abiria hakioni: sanduku la chuma lililofungwa kwenye chasi, upande wa dereva. Hilo ndilo linalopokea mzunguko wa usukani na kugeuza magurudumu. Likichoka, mikono ya dereva inahangaika. Likivunjika mteremkoni, wanaolipa ni walioketi juu ya magunia. Familia zilizokimbia vijiji vya Tanganyika mwaka 2016 na 2017, na zile zinazorudi, zinajua safari za namna hiyo.

Mpala ilizoea mizigo mizito kabla ya gari lolote. Mbelgiji Émile Storms alipojenga kituo pale mwaka 1883, vitu vyake vilifika ziwani juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Mwaka 1885 kituo kikapewa Mapadri Weupe.

Mwaka 1915, Katanga iliona mashine nzito zenye usukani. Waingereza walitaka kufikisha mashua mbili, Mimi na Toutou, kwenye ziwa ili wapigane na Wajerumani. Mashua zilishushwa Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume. Kutoka hapo, mwezi wa Agosti na Septemba, zilivutwa na matrekta mawili ya moshi, pamoja na ng'ombe, kupita milima ya Mitumba hadi Sankisia. Kisha treni mpaka Bukama, mto mpaka Kabalo, na reli tena mpaka Lukuga, karibu na Kalemie ya leo. Vitabu vinamtaja sana kamanda Spicer-Simson; waliokata miti na kujenga madaraja ili matrekta yapite hawatajwi kwa majina, ingawa bila wao hakuna mashua ambayo ingefika.

Matrekta ya aina ile kwa kawaida yaliongozwa kwa mnyororo. Usukani ulizungusha parafujo nene, nayo ikazungusha mti wa chuma uliovuta mnyororo upande mmoja na kuulegeza upande mwingine. Dereva alizungusha na kuzungusha ili apate kona ndogo tu. Parafujo ile haikufa. Imo mpaka leo ndani ya sanduku la usukani, ila sasa inatembea juu ya gololi za chuma ili isisuguane sana.

Kumsaidia mshika usukani kulianza majini: meli kubwa Great Eastern ilifungwa mashine ya mvuke ya kugeuza usukani katika miaka ya 1860. Kwenye magari, Mmarekani Francis Davis, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha Pierce-Arrow na kuwaona madereva wa malori wakihangaika, alijaribu usukani wa mafuta mwaka 1926. Viwanda viliona gharama ni kubwa. Magari ya kawaida yaliupata mwaka 1951 tu, kwa Chrysler Imperial. Pampu inayozungushwa na mkanda wa injini inasukuma mafuta ndani ya sanduku, na mafuta yanasukuma pistoni upande ule dereva anaotaka.

Sasa fundi anayebadilisha sanduku. Jambo la kwanza ni upande. Kongo tunaendesha kuume, usukani uko kushoto. Tanzania ni kinyume. Sanduku lililotolewa kwenye gari la Tanzania na kuvushwa ziwa kutoka Kigoma linaweza kuonekana sawasawa kabisa, kumbe limetengenezwa kwa upande mwingine.

La pili ni katikati. Kabla ya kufungua, magurudumu yanyooshwe na alama ichorwe pale mti wa usukani unapoingia kwenye sanduku. Sanduku jipya lizungushwe polepole mpaka mwisho, zihesabiwe duru hadi mwisho wa pili, kisha lirudishwe nusu. Mkono wa chini una meno; ukikosea jino moja, gari litapata kona upande mmoja na kukosa upande mwingine. Kuung'oa usukani wa juu na kuunyoosha kwa macho ni kuficha kosa tu.

Mafuta ya zamani yamwagwe yote, na mipira isafishwe, kwa sababu vumbi la chuma la pampu iliyochoka litaua sanduku jipya. Kisha mbele ya gari inyanyuliwe kwa jeki na kuegemezwa imara, injini ikiwa imezimwa, usukani uzungushwe mwisho hadi mwisho mara nyingi huku mafuta yakiongezwa, mpaka mapovu yaishe. Injini iwashwe baadaye. Ikilia, hewa bado imo.

Jaribio la kwanza ni mahali tambarare, gari likiwa tupu. Fundi anarudi chini tena, anakaza bolti za chasi mara ya pili na kupapasa viungo vya mipira kwa kidole kikavu, na abiria wanangoja kivulini.